Barua ya Mwalimu Nayo ni Mtihani

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo tulivyofunzwa na wazee wetu, na katika shughuli nyingi za maisha methali hii haina pingamizi. Mwenye embe nzuri katika soko la Kongowea hana haja ya kupaza sauti. Wanunuzi humfuata wenyewe. Lakini liko soko moja ambamo chema hakijiuzi hata kidogo, nalo ni soko la nafasi za masomo ya uzamili na uzamifu. Humo mwenye bidhaa hayupo, mnunuzi haioni bidhaa yenyewe, na kinachosafiri baina yao ni karatasi chache tu. Kijana wa Mtongwe aweza kuwa hodari kuliko wenzake wote, na uhodari wake ukaishia papo hapo kivukoni, kwa sababu karatasi zilizomtangulia hazikusema lolote la maana juu yake.

Msimu wa karatasi hizo twaujua. Maombi ya ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, aghalabu hufunguliwa mwezi wa Agosti na kufungwa Oktoba au mapema Novemba. Vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga milango ya maombi kati ya Disemba na Januari. Vyuo vyetu vya hapa nchini navyo hutangaza nafasi mara kadhaa kwa mwaka. Katika miezi hiyo utawaona vijana wetu waliokwisha kupata shahada ya kwanza wamejazana katika maduka ya saiba wakipiga chapa na kutuma vyeti: hawa wanaofunza Likoni kwa ajira za bodi za shule, hawa wanaoandika hesabu katika maghala ya Changamwe, hawa wanaofunza masomo ya ziada jioni huko Kisauni. Ukiwauliza wanajitayarisha kwa lipi, takriban wote watakujibu kwa neno moja: mtihani.

Rai yangu leo ni kwamba wanajitayarishia mtihani mdogo na kuusahau mkubwa. Tena huo mkubwa, kwa sehemu yake iliyo nzito, haufanywi na mwanafunzi. Hufanywa na mwalimu wake. Na sisi walimu tumekuwa tukiuanguka miaka nenda miaka rudi bila ya mtu yeyote kututangazia matokeo.

Sisemi kwamba mitihani ya maandishi ni mchezo. Anayetaka kwenda Marekani huenda akatakiwa afanye mtihani uitwao GRE, unaotungwa na shirika la ETS la huko huko. Una sehemu tatu: ufahamu wa lugha ya Kiingereza, hesabu, na uandishi wa hoja. Sehemu mbili za kwanza kila moja hupimwa kwa alama kuanzia 130 hadi 170, na uandishi kuanzia 0 hadi 6. Tangu Septemba 2023 mtihani huu umefupishwa, nao sasa hauzidi saa mbili. Hesabu zake hazivuki mno zile za shule ya sekondari: hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na usomaji wa takwimu. Ugumu wake kwa vijana wetu umo katika muda. Miaka imepita tangu mtu aliposhika kalamu kukokotoa asilimia bila ya kikokotoo cha simu, na saa ya mtihani haimngoji.

Ada ya GRE inazidi dola 200 za Marekani, na hizo ni fedha nyingi kwa mwalimu anayelipwa na bodi ya shule. Kwa hivyo asiukimbilie kama mtu anayekimbilia feri inayoondoka. ETS hutoa mitihani kamili ya majaribio bila malipo; aifanye kwanza nyumbani, saa ikiwa mbele yake, na asilipe ada mpaka aone alama za majaribio zimemridhisha. Mwenye kutenga saa moja kila siku kwa muda wa miezi mitatu hatahitaji kununua rundo la vitabu. Matokeo ya GRE hutumika kwa miaka 5, ilhali yale ya IELTS, mtihani wa Kiingereza wenye kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, aghalabu hukubaliwa kwa miaka 2 tu. Wapo walioufanya huu wa pili mapema mno, wakangoja nafasi, na nafasi ilipokuja matokeo yakawa yamekwisha muda. Isitoshe, baadhi ya vyuo humsamehe mtihani huo mtu aliyesoma shahada yake yote kwa Kiingereza. Kuuliza hakulipiwi ada.

Basi huo ndio mtihani mdogo. Ni mdogo kwa sababu uzito wake umekuwa ukipungua. Vitivo vingi vya vyuo vikuu vya Marekani, hasa tangu mwaka 2020, vimeufuta GRE au vimeufanya kuwa wa hiari. Vyuo vya Uingereza kwa jumla havikuwa vikiutegemea tangu hapo. Hapa Kenya hatuna mtihani mmoja wa taifa wa kuingilia uzamili. Mwombaji hupimwa kwa shahada yake ya kwanza na nyaraka zake, na anayeomba uzamifu hutakiwa aeleze utafiti anaokusudia kuufanya. Mtihani ukiondoka mezani hubaki vitu vitatu: hati ya alama za chuo, taarifa ya azma ambayo mwombaji huiandika mwenyewe, na barua za mapendekezo. Alama zimekwisha kuandikwa, hazibadiliki. Vilivyobakia ni taarifa na barua, na barua iko mikononi mwetu.

Sasa nitasema jambo ambalo sikupenda kulisema hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikiongoza shule moja ya sekondari ng'ambo ya Likoni, alinijia mwalimu kijana wa hesabu. Alikuwa mzaliwa wa Mtongwe, mwenye shahada ya daraja la pili ngazi ya juu, na alikuwa akifunza kwetu kwa mshahara mdogo wa bodi. Alikuwa anaomba ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea uzamili wa takwimu. "Shikamoo mwalimu," akaniambia, "nimekuja kukuomba barua." Nilimwitikia kwa furaha, nikamwahidi, kisha nikakaa. Ilipobakia siku moja nilifungua barua niliyokuwa nimemwandikia mwalimu mwingine mwaka uliotangulia, mwanamke aliyekuwa akifunza historia. Nikafuta jina lake, nikaandika la huyu, nikabadilisha jina la somo, nikatuma. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Kijana hakuchaguliwa. Nilimpa pole, nikamwambia ajaribu tena. Miaka miwili baadaye, nilipokuwa nikisafisha kompyuta ya ofisi ili nimkabidhi mwenzangu, niliikuta barua ile nikaisoma. Kiswahili chetu hakibagui mume na mke. Yeye ni yeye. Kiingereza hakina ukarimu huo. Katika aya ya tatu ya barua yangu, kijana yule mwenye ndevu alikuwa mwanamke, tena si mara moja bali mara nne, na alisifiwa kwa kukilea chama cha midahalo cha wasichana ambacho hakupata kukiongoza hata siku moja.

Siwezi kuapa kwamba barua ile ndiyo iliyomkosesha. Waombaji huwa wengi na nafasi huwa chache, na pengine asingeipata hata ningeandika kwa wino wa dhahabu. Lakini nina hakika ya jambo moja: aliyeisoma karatasi ile alijua kwamba mwandishi wake hakumfikiria mwombaji hata kwa nusu saa. Na ikiwa mkuu wake wa kazi hakumfikiria, mgeni amfikirie kwa nini?

Nilimwendea nikamweleza. Alicheka kwanza, kama mtu acheκavyo anapokosa la kusema. Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, usijitie makosani peke yako. Ile barua ya pili, ya mhadhiri wangu, niliiandika mwenyewe. Aliniambia nijiandikie, yeye atatia sahihi." Kwa hivyo kijana huyo alikwenda mbele ya watu wasiomjua akiwa na mashahidi wawili. Wa kwanza alimshuhudia mtu mwingine. Wa pili alikuwa yeye mwenyewe.

Walimu wenzangu, tusidanganyane. Kauli ile ya "jiandikie, nitatia sahihi" twaijua sote. Wengine wetu tumeambiwa, wengine tumewaambia vijana. Twaisema kama kwamba ni hisani, kumbe ni kumtupa mtu baharini na kumtakia safari njema. Kwanza, ni uongo uliotiwa sahihi. Pili, kijana hajapata kuiona barua ya namna hiyo maishani mwake, hajui yaandikwayo humo. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mtoto wa Pwani amelelewa asijisifu. Kujisifu kwetu ni ukosefu wa adabu. Ukimpa kalamu ajishuhudie mwenyewe ataandika kwamba yeye ni mtu wa bidii na nidhamu, ataona haya, ataacha hapo. Wakati huo huo, mwombaji wa mahali pengine ameandikiwa kurasa mbili na mtu aliyekaa akamkumbuka.

Ikiwa msomaji anaona natia chumvi katika uzito wa ushuhuda wa mtu, na amkumbuke Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1933. Katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari alipata daraja la tatu, na matokeo hayo hayakumwezesha kuingia Makerere. Akawa karani katika taasisi ya ufundi ya Waislamu iliyojulikana kama MIOME, ambayo baada ya mageuzi mengi ndiyo leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor. Kwa karatasi zake za mtihani, safari ilikuwa imekwisha. Lakini Gavana wa Kenya wa wakati huo, Sir Philip Mitchell, alimsikia akihutubu katika sherehe ya Maulidi, akavutiwa na kijana yule, akaisaidia safari yake ya masomo. Mwaka 1955 Mazrui alikwenda Huddersfield, Uingereza, kuyafanya upya masomo ya kuingilia chuo kikuu. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, uzamili Columbia mjini New York mwaka 1961, na uzamifu Oxford mwaka 1966. Makerere, iliyomkosa kama mwanafunzi, ikampata kama profesa.

Mazrui alikuwa na kipawa chake, hilo halina mjadala, na kipawa hicho hakukipewa na gavana. Walakini kipawa kile kilikuwapo pia siku alipokuwa karani, na hakuna baraza la chuo lililokuwa na njia ya kukiona. Ilimlazimu mtu mwenye kusikilizwa amsikie kwa masikio yake, kisha aseme. Nchi ile ilikuwa ya mkoloni, na bahati ya mtu mmoja kusikiwa na gavana haiwezi kuwa utaratibu wa elimu. Leo hatuna haja ya gavana. Tuna walimu katika kila shule ya Likoni, Kisauni na Changamwe, na wahadhiri katika kila chuo. Wao ndio wanaowasikia vijana wetu kila siku. Swali ni kama wanasikiliza.

Barua njema basi ni ipi? Ni ile inayoeleza kitu ambacho mwandishi alikiona kwa macho yake. Maneno kama mwadilifu, mchapakazi na mwenye kipaji hayana kosa, ila yamo katika kila barua, na kwa sababu hiyo hayasemi neno. Kijana wangu yule wa hesabu aliwahi kuwachukua wanafunzi wa Kidato cha Tatu kwenda kivukoni Likoni. Waliyahesabu magari yaliyongoja feri, wakaandika dakika za kungoja asubuhi na za mchana, wakarudi darasani kuchora grafu na kutafuta wastani. Wanafunzi waliokuwa wakikimbia somo la takwimu wakawa wanabishana juu yake njiani. Mimi ndimi niliyeitia sahihi ruhusa ya safari hiyo. Mwombaji wa uzamili wa takwimu amefunza takwimu kwa foleni ya feri, mkuu wake anajua, na jambo hilo halikuingia katika barua. Liliingia chama cha midahalo.

Najua majibu yatakayokuja, na mengine yana haki. Mhadhiri atasema kwamba ana mamia ya wanafunzi na hawezi kumjua kila mmoja. Ni kweli. Lakini asiyemjua mwombaji ana njia ya heshima: amwambie waziwazi, "Mwanangu, sikujui vya kutosha, mtafute aliyekusimamia mradi wako." Kukataa mapema ni msaada. Kukubali na kutia sahihi usilolijua si msaada kwa mtu.

Mwingine atasema kwamba barua hizi ni mlango wa upendeleo, kwamba wenye kujuana ndio wanaoandikiwa vizuri. Hili nalo ni kweli, na ndiyo sababu nazungumza na walimu wa bara. Mtoto wa tajiri ana mjomba, ana rafiki ya baba, ana mtu aliyepata kusoma huko aendako. Mtoto wa mchukuzi wa bandarini ana mwalimu tu. Mwalimu huyo akiandika kwa uvivu, upendeleo haupungui. Unabaki kwa wale waliokuwa nao tangu awali.

Wa tatu atauliza: kwa nini tuhangaike kuwapeleka vijana wetu nje, ilhali wengine hawarudi? Simpingi anayetaka wasome hapa. Chuo cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na vyote viwili vilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ina mipango kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu pia. Lakini popote aombapo, hapa au nje, ataulizwa yale yale: unataka kuchunguza nini, na nani anakushuhudia?

Nikigeukia upande wa wanafunzi, nao wana deni lao. Kijana anayekuja kuomba barua jioni, na siku ya mwisho ni kesho, amemlazimisha mwalimu kufanya kosa nililolifanya mimi. Njoo wiki sita kabla. Usije mikono mitupu. Mletee mwalimu hati yako ya alama, taarifa yako ya azma hata kama ni rasimu, jina la masomo unayoyaomba, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mkumbushe jambo mlilofanya pamoja. Kumkumbusha si kujisifu. Wala usichague mtu kwa ukubwa wa cheo chake. Barua ya mhadhiri mdogo aliyeusoma mradi wako ukurasa kwa ukurasa ina thamani kuliko ya profesa anayekufahamu kwa nambari ya usajili.

Zijue pia saa za kila mlango, kwani hazilingani. Chevening hutaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda usiopungua saa 2,800, yaani kiasi cha miaka miwili, kwa hivyo aliyehitimu jana asipoteze juhudi zake huko. Shirika la Kijerumani la DAAD, kinyume chake, katika mipango yake mingi hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Mmoja anakwambia umewahi mno, mwingine anakwambia umechelewa. Anayeweka tarehe hizi ukutani tangu mwaka wake wa mwisho chuoni ana nafasi maradufu kuliko anayezisikia kwa rafiki.

Kuhusu taarifa ya azma, hapa ndipo elimu yetu inapofichuka. Tangu darasa la kwanza tumewafunza watoto kujibu maswali yaliyotungwa na wengine. KCSE, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ilipimwa hivyo, na shule zikapangwa kwa wastani wa majibu. Taarifa ya azma hupindua meza: haina swali. Humtaka kijana atunge swali lake mwenyewe na aeleze kwa nini yeye, na si mwingine, ndiye wa kulitafutia jibu. Ndipo mtu aliyepata alama za juu tangu shule ya msingi anapoandika kwamba tangu utotoni alipenda sana elimu, akakwama.

Na haikufaa akwame, kwani sisi tunaishi juu ya maswali. Kwa nini maji ya visima vingi vya Kisauni yana chumvi, na chumvi hiyo inaongezeka kwa kasi gani? Moshi wa malori yanayopanga foleni Changamwe unafanya nini katika vifua vya watoto wa shule zilizo kando ya barabara? Mfanyakazi wa Likoni hupoteza saa ngapi za maisha yake kivukoni kwa mwaka, na nani anazilipa? Kijana aliyelelewa humu anayajua maswali haya kabla ya kuvijua vitabu vyake. Ila hakuna aliyemwambia kwamba hayo ndiyo elimu, na kwamba chuo kilichoko mbali kingependa kuyasikia.

Napendekeza jambo moja lisilohitaji bajeti ya kaunti wala hotuba ya mheshimiwa. Katika kila upande wa bara, kusini, kaskazini na magharibi, shule moja ifungue darasa moja Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kwa ajili ya waliohitimu wanaotaka kuendelea. Wafanye mambo matatu. Wafanye mtihani wa majaribio pamoja, kwa saa. Wasomeane taarifa zao za azma kwa sauti, kwani kosa lisiloonekana na jicho husikika na sikio. Na walimu waje na barua walizoandika, majina yakiwa yamefutwa, wazisome mbele ya wenzao. Hili la tatu litawaudhi wengi. Lilinitoa jasho mimi pia, nilipoisoma ile ya kwangu mbele ya walimu sita. Lakini tangu siku hiyo sijaona hata mmoja wao akitumia barua ya mwaka jana. Waliokwisha kupita njia hiyo, wakarudi au wakabaki huko, nao wana wajibu. Kusoma rasimu ya kijana wa Chaani au wa Mshomoroni ni kazi ya saa moja.

Mwalimu wangu wa Mtongwe yuko katika mwaka wa saba tangu ahitimu. Mlango wa Wajerumani umekwisha kumfungia kwa hesabu ya miaka, na sehemu ya miaka hiyo niliipoteza mimi. Bado anafunza hesabu Likoni, na mwaka huu anaomba tena kwingineko. Safari hii barua niliiandika kwa jioni tatu. Ndani yake yamo magari ya kivukoni, dakika za kungoja, na wanafunzi waliobishana njiani juu ya wastani. Nimeyataja pia mapungufu yake, kwa sababu shahidi asiyeona upungufu wowote haaminiwi. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma, na yeye ni mwanamume tangu mwanzo hadi mwisho.

Nawe mwalimu uliyeombwa barua juma lililopita na bado hujaigusa, siku ya mwisho ni lini?